Mtandio Ambao Wifi Hakuufua

Wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu, amefua mashuka ya hospitali karibu maisha yake yote ya utu uzima. Naandika habari zake kwa sababu kaka hayupo tena wa kumsimulia, na yeye mwenyewe hajui kujisimulia. Ukimuuliza atakwambia, "Mimi dobi tu," kisha atakuuliza kama una nguo chafu.

Ncha za vidole vyake zimepauka, laini kama yai lililomenywa. Siku walipoenda kuchukua vitambulisho, mashine ilishindwa kusoma alama za vidole vyake kwa kuwa hazikuwepo. Maji ya moto na klorini vilikwisha kuzila. Karani alimpa kitambaa ajifute, akamwambia ajaribu kidole kingine, na kingine. Kaka alikuwa nyuma yake kwenye foleni.

"Mwache tu bwana," alimwambia karani. "Mimi nilimuoa bila ushahidi, na sijajuta."

Kaka alikuwa fundi bomba wa hospitali hiyohiyo. Walikutana kwenye jengo la kufulia, siku aliyoitwa kuziba bomba lililopasuka. Aliingia na buti zimejaa tope, akakanyaga lundo la mashuka yaliyokwisha kukunjwa. Wifi hakumpigia kelele. Alimwonyesha beseni.

"Yafue."

"Mimi fundi bomba, dada."

"Na mimi dobi. Nimekusubiri uniletee maji, umeniletea tope. Fua."

Akafua. Kaka alipenda kusema kuwa alifua vibaya makusudi ili aambiwe arudie.

Walipewa nyumba ya wafanyakazi, vyumba viwili na ua mdogo wa kuanikia, nyuma ya jengo la kufulia. Nyumba ilikuwa ya fundi bomba, maana bomba halichagui saa ya kupasuka na fundi lazima awe karibu. Mashine za kufulia zilinguruma ukutani mchana kutwa, hata kikombe ukikiweka mezani unakikuta kimesogea. Watoto Mungu hakuwajalia. Walikuja kumpata Bomba.

Bomba ni paka. Kaka alimkuta ndani ya bomba la maji ya mvua akiwa mdogo wa kutosha kiganjani, amekwama, amelia mpaka sauti imemkauka. Ilibidi bomba likatwe kwa msumeno. Msimamizi wake alimuuliza atawaambia nini wakubwa kuhusu bomba zima lililokatwa.

"Nitawaambia lilikuwa limeziba," alisema kaka, na hakusema uongo.

Tangu hapo paka yule hakutaka kabisa mahali penye dari la chini. Paka wenzake huchungulia kila boksi linaloingia nyumbani. Yeye akiliona boksi hupanda juu ya kabati na kukaa huko, masikio yamelala. Kulala alilala miguuni kwa kaka. Wifi ndiye aliyemlisha na kumsafishia, lakini akimkaribia paka alikunja pua na kuondoka taratibu, kama mgeni anayekumbuka ana safari.

Kaka aliugua mguu. Alikanyaga msumari kwenye mtaro wa maji machafu, na kwa kuwa alikuwa na sukari, kidonda hakikukubali kufunga, akalazwa. Wifi alikuwa amekwisha kustaafu. Hakuwaamini waliomrithi, kwa hiyo alimpelekea mumewe mashuka ya nyumbani. Kila asubuhi aliyatoa wodini, akayachemsha, akayapiga pasi, akayarudisha. Mguu haukujali. Siku za mwisho kaka alinishika mkono, mimi mdogo wake, akaniusia mambo mawili: nimchukue wifi nikae naye, na Bomba asiachwe.

"Mkimwacha pale," alisema, "watu wa usafi watamwokota."

Hospitali ile hukusanya paka wasio na wenyewe, na hakuna aliyewahi kuona wanakopelekwa. Nilimwitikia kaka. Tulimzika baada ya swala ya alasiri, Mungu amlaze penye nafasi, yeye aliyeshinda maisha yake amejikunja kwenye mashimo ya mabomba.

Wifi akaanza eda, ule muda ambao mjane hukaa ndani bila mapambo wala manukato. Hospitali ilikuwa na huruma ya kiasi chake: ilimwachia nyumba mpaka eda iishe, baada ya hapo funguo ziende kwa fundi mpya. Mimi naishi mji mwingine, ni karani wa shule. Nilikwenda kwake kila Ijumaa nikitoka kazini, nikarudi Jumapili. Tulipanga kuwa eda ikiisha, mume wangu atawahamisha kwa gari lake la kusambazia mikate. Safari si fupi, na paka aliye huru ndani ya gari anaweza kuwaua watu. Angesafiri ndani ya kizimba.

Kizimba kilikuwepo stoo, kisanduku cha plastiki cha kubebea paka, chenye mpini juu na kilango cha vyuma mbele. Kaka alikitumia mara moja tu, kumpeleka Bomba kuchanjwa, na kovu la safari hiyo amekwenda nalo kaburini.

Mara ya kwanza tulitumia nguvu. Mume wangu, ambaye watu wote humwita Mikate, alivaa glavu nene alizoazima kiwandani, akapanda juu ya kiti.

"Shemeji, tazama," alimwambia wifi. "Huyu anaingia kama mkate kwenye tanuri."

Kufumba na kufumbua glavu moja ilikuwa sakafuni, paka ananing'inia kwenye pazia, na Mikate ananyonya kidole gumba.

"Huo mkate umekuunguza," wifi alisema bila kutabasamu. Akaokota glavu, akaenda kuifua. Aliporudi alisimama katikati ya chumba akifuta mikono. "Nisikilizeni. Asipoingia, na mimi siendi. Mtatuacha hapa wote. Wakija kuokota, watuokote pamoja."

Mikate alicheka akidhani ni utani. Mimi namjua wifi yangu. Sikucheka.

Jumatatu nilipita kwenye kliniki ya wanyama iliyo karibu na shule yetu. Mama mmoja mnene, mwenye koti la kijani, alinisikiliza huku akimkata ndege mgonjwa kucha.

"Kizimba mnakiweka wapi?" aliuliza.

"Stoo."

"Kwa hiyo kikitoka stoo anajua kuna jambo."

"Anajua."

"Sasa mama, wewe ukiletewa jeneza sebuleni ukaambiwa ingia, utaingia?" Alicheka, kisha akaniangalia usoni, akaacha. "Nisamehe. Umefiwa?"

Nikamwambia nimefiwa na kaka, na paka ni wake. Akamrudisha ndege kwenye tundu, akanieleza polepole. Kizimba kitolewe stoo, kikae sebuleni kama kiti, kilango kiwe wazi. Chakula kiwekwe mbali nacho kwanza, kisha mlangoni, kisha ndani. Asisukumwe. Akizoea kula ndani, kilango kifungwe kwa muda mfupi na kufunguliwa kabla hajaanza kulia. Na ndani kitandikwe nguo yenye harufu ya mtu anayempenda.

"Hilo la nguo usilisahau," alisema. "Paka anaona kwa pua."

Ijumaa iliyofuata nilimwomba wifi shati la kaka. Alinifungulia kabati. Nguo zote za kaka zilikuwa zimekunjwa kwa pembe kali kama vitabu, zikisubiri kutolewa sadaka. Nilichukua shati la kazini, lile la kahawia lenye mfuko uliochanwa na bisibisi. Wifi alipokwenda jikoni nilizika uso wangu ndani yake. Sikumpata kaka. Grisi haikuwepo, jasho halikuwepo, wala ile tumbaku aliyokuwa akiificha. Ilikuwepo klorini, tena ile kali inayochoma macho. Nilisimama pale nikijiambia kuwa macho yanachomwa na klorini.

Tulilitandika shati ndani ya kizimba. Bomba alilinusa kwa mbali, akapanda kabatini.

Zikaanza zile Ijumaa na Jumapili. Nilikaa sakafuni na sahani ya vipande vya samaki, nikimngoja paka ashuke. Wifi alikaa dirishani. Eda yake aliishika sawasawa. Sokoni alimtuma jirani yake muuguzi, na kizingiti cha mlango wa mbele hakukivuka hata kwa kisigino. Dirisha lilitazama kamba za hospitali, na kutwa nzima aliyahukumu mashuka ya wenzake.

"Hawasuuzi," alisema. "Angalia lile. Limekauka na sabuni yake."

Kuta zilinguruma, kikombe kilitembea mezani. Mimi nilikuwa chini, yeye dirishani, paka juu, na hakuna kati yetu aliyekuwa na pa kwenda. Wakati mwingine niliona kama nyumba yenyewe ni kizimba, ila mkono ulioubeba mpini hatuuoni. Nikisha kuwaza hivyo nilimwomba Mungu msamaha, kisha nikasogeza sahani kidogo.

Na Bomba alikuwa akisogea. Jumapili moja alikula mlangoni kabisa, shingo ndani. Niliondoka na furaha. Ijumaa nilimkuta juu ya kabati, ananikodolea kama hanijui. Nikaanza upya, Jumapili akala tena mlangoni, Ijumaa yupo kabatini. Wiki hadi wiki ikawa hivyo. Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu, na eda ilikuwa inayoyoma. Fundi mpya alikwisha kuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia yake.

"Labda anamsubiri mwenyewe," alisema wifi.

"Labda," nilisema, na sikuthubutu kumwangalia.

Kisha shule ikafungwa mapema kwa sababu ya mitihani, nikaenda Alhamisi bila kumwarifu. Mlango ulikuwa wazi. Nilipita hadi uani, nikakuta kizimba kimening'inizwa kwenye kamba kwa mpini wake, kilango kimeng'olewa, kinadondosha maji. Kando yake lilianikwa shati la kaka. Wifi alikuwa amechuchumaa anasugua kilango kwa brashi, na hewa yote ya ua ilikuwa klorini.

"Wifi, unafanya nini?"

"Huoni? Nafua."

"Unafua kizimba."

"Kimeliwa samaki humo. Kina manyoya. Kina mate ya paka. Ulitaka nikiache kinuke?"

"Unakifua kila siku?"

"Kwani uchafu una siku ya mapumziko?"

Niligeuza ndoo nikaikalia. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nimechoka kuificha.

"Yule paka anasugua mashavu yake pale mlangoni," nilimwambia. "Mama wa kliniki aliniambia. Anaacha harufu yake ili kesho apajue. Wewe unakuja nyuma unaifuta. Kila asubuhi anakuta kitu asichokijua, kinanuka kama wodi. Ni kama unamhamisha nyumba kila siku, wifi."

Aliendelea kusugua. Brashi ilipita palepale mara nyingi, mahali palipokuwa safi tangu mwanzo.

"Kaka yako aliuawa na uchafu," alisema mwishowe.

"Aliuawa na sukari na msumari."

"Ule mguu ulioza ndani ya mashuka yangu." Hakuinua kichwa. "Nimefua ya watu nisiowajua majina. Walipona, wakaenda kwao. Huyu wa kwangu mmoja nilimchemshia, nikampigia pasi pande zote mbili, na bado. Kwa hiyo kuna kitu nilikiacha. Kuna mahali sikupasuuza. Sijui ni wapi. Ndiyo maana nafua."

"Siku ya mtu ikifika haizuiwi na sabuni."

"Najua. Nasema hivyo kila nikiswali." Alinyoosha mbele yangu vile vidole visivyo na alama. "Hii mikono ndiyo haijasikia."

Nilishuka kwenye ndoo nikachuchumaa karibu naye. Sikutaka kulisema lililofuata, lakini lilitoka.

"Nililinusa shati lake, wifi. Lile la kazini. Nilimtafuta humo, sikumpata."

Sasa aliinua kichwa. "Ulitaka shati chafu?"

"Nilimtaka kaka."

Wifi yangu, ambaye hakai mahali pasipofutwa, alikaa kitako kwenye saruji yenye maji ya sabuni. Alilitazama shati pale kambani muda mrefu.

"Sikujua," alisema, "kama kuna mtu anaweza kuja kuniomba uchafu."

Tulilia hapo uani. Wa kutufariji hakuwepo, mashine tu za hospitali zikinguruma. Tulipomaliza, yeye ndiye aliyefikiria kwanza, kwa sababu ni mtu wa kazi.

"Huyo mama alisema nguo ya nani?"

"Ya mtu ambaye paka anampenda."

"Aliyempenda yuko chini ya udongo."

"Basi itabidi ampende aliye juu yake."

"Mimi? Yule hajawahi kunikalia mapajani hata siku moja. Nimemlisha miaka yote, ananiona kama mhudumu wa hoteli."

"Ni kwa sababu unanuka wodi, wifi."

"Mimi nanuka usafi."

"Kwa paka, hiyo ndiyo wodi."

Alinitazama kwa ukali. Halafu mdomo ukamcheza, akacheka, kicheko cha kukwaruza cha mtu ambaye hajakitumia tangu msiba. Mimi pia nilicheka, nikashika tumbo.

Alikuwa na mtandio wa kijivu wa nyumbani. Tulikubaliana auvae bila kuufua: apikie nao, asinzie nao dirishani, alalie. Mwingine ulio safi angeuweka wa swala. Klorini nilimwambia anikabidhi.

"Eda imenikataza manukato," alisema akiishika chupa. "Haijanikataza sabuni."

"Eda haijakukataza. Nakukataza mimi."

Nikaitia chupa kwenye begi langu, nikaondoka nayo Jumapili. Wiki ile muuguzi jirani alinipigia simu akicheka. Alisema wifi yangu anazunguka nyumba nzima kama mvutaji aliyenyimwa sigara, na kila akipita mbele ya kioo anaunusa mtandio na kufumba macho. Wifi mwenyewe akachukua simu.

"Huu mtandio sasa una maneno," alisema. "Jana nimeuvua, ukabaki umesimama."

"Vumilia."

"Mimi navumilia. Muulize jirani, ndiye anayekaa upande wa upepo."

Ijumaa niliyorudi, mtandio ulikuwa umekunjwa vibaya ndani ya kizimba, na hilo la kukunjwa vibaya ndilo lililonionyesha kuwa wifi amefanya kazi. Kizimba kilikuwa na manyoya. Kilikuwa na magamba ya samaki kwenye pembe. Wifi alikaa kitini, mikono yake ameikalia.

"Usinisemeshe," alisema. "Nikisimama tu nitakifua."

Bomba alishuka kabatini kwa hatua za mwizi. Alizunguka kizimba, akasugua shavu moja kwenye ukingo wa mlango, akanusa, akasugua jingine. Kisha akapeleka pua kwenye mtandio, akaiacha humo. Halafu alifanya jambo ambalo hatukulitarajia: alimwendea wifi, akamnusa vidole vya miguu, akarudi kwenye mtandio. Akaenda tena, akarudi, kama karani anayelinganisha sahihi mbili. Hakuingia siku ile. Aliketi mlangoni, kiuno nje, miguu ya mbele juu ya mtandio.

Wiki zilizobaki zilikwenda hivyo, polepole, pamoja na kurudi nyuma kwake. Aliingia mzima, akatoka. Akaingia akala. Wifi akajifunza kufunga kilango na kukifungua papo hapo, akawa anafanya hivyo huku akitaja moja ya dua zake fupi, dua ikiisha kilango kinafunguka. Baadaye akataja mbili. Mara moja lori lilipiga honi nje kilango kikiwa kimefungwa. Bomba akajirusha mpaka kizimba kikapinduka, na kwa siku nyingi baada ya hapo hakukisogelea. Wifi hakula siku ile. Alinipigia akisema tumekwisha. Nikamwambia asifue.

"Sijafua," alisema. "Nimekaa nacho tu."

Eda ikaisha. Mikate alikuja asubuhi, gari lake limetolewa mikate yote isipokuwa harufu. Tukatoa kitanda, kabati, meza, beseni tatu kubwa, pasi mbili za zamani. Bomba alikimbia huku na huku. Kabati lilipotolewa, pa kupanda pakawa hakuna. Pazia lilikwisha kushushwa. Alisimama katikati ya chumba kitupu ambacho hata sauti zetu zilikuwa ngeni ndani yake. Nilidhani atapita miguuni mwetu akimbilie nje, na nje walikuwa wanapita watu wa usafi na toroli lao.

Chumba kizima kilikuwa kimebaki na kitu kimoja tu ambacho hakikuguswa. Alikwenda mwenyewe, akaingia kizimbani, akageuka, akajikunja juu ya mtandio.

Wifi alipiga magoti, akafunga kilango. Kilipolia tiki, Bomba akaanza kulia, kilio kirefu kinachopanda na kushuka. Mkono wa wifi ulibaki kwenye komeo.

"Analia kama siku ile ya bomba," alisema.

"Shemeji," Mikate alimwambia kwa upole, "ukifungua tunaanza alifu."

Hakufungua. Alikiinua kizimba kwa mikono miwili, amekishika chini kama anavyobeba nguo zilizopigwa pasi, akaenda mpaka kwenye kizingiti. Hapo akasimama. Gari lilikuwa mbele yake, mlango wazi, jua nje. Hakwenda. Muuguzi jirani alimnyooshea mkono, hakuupokea.

"Nimekaa ndani mpaka nimesahau unatangulia mguu gani," alisema.

Hatukumsukuma, tulikwisha kufundishwa. Muuguzi alikwenda kwake akaleta shuka la zamani la hospitali, lililochanika na kutolewa kazini, ili kizimba kifunikwe paka asione njia. Wifi alilinusa.

"Hili halikusuuzwa," alisema.

"Ndilo lililopo, mama."

Akalitazama, akalitandaza juu ya kizimba hivyohivyo, akavuka.

Tulimwekea kiti cha mbele, lakini akiondoka karibu na kizimba kilio kilizidi. Kwa hiyo aliingia nyuma pamoja nacho, kati ya kreti tupu za mikate, akakaa sakafuni. Mikate alifunga milango kwa nje, maana kwa ndani haina kitasa. Sikuipenda sauti ile. Niligonga ukuta wa bati unaotenganisha mbele na nyuma.

"Wifi, uko salama?"

"Endesheni," alijibu kutoka gizani.

Safari nzima Bomba alilia kwa vipindi. Kwenye mataa, injini ilipotulia, tulisikia pia sauti nyingine, ya chini, isiyokatika. Nilidhani anasoma dua, nikaweka sikio kwenye bati. Alikuwa anamsimulia paka. "Akaingia na buti zake zimejaa tope," alikuwa anasema, "akakanyaga mashuka yangu yote. Nikamwonyesha beseni. Nikamwambia yafue." Akanyamaza, paka akanyamaza pia. "Alifua vibaya, yule mtu. Nilijua anafanya makusudi."

Mikate aliniuliza nalia nini. Nikamwambia angalia barabara.

Sasa wako kwangu, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Siku tuliyofika wifi alifungua kilango, na Bomba hakutoka. Alitoka baadaye kula, akarudi. Mpaka leo ndivyo anavyoishi. Kile alichokiogopa kuliko vyote ndimo anamokaa, na nyumba yangu yote hajaitaka. Wifi naye hajatoa nguo zake kwenye begi. Eda iliisha, lakini akitaka kwenda uani bado ananijia mlangoni kuuliza kama inafaa. Namwambia, wifi, hapa ni kwako. Ananiitikia, kisha kesho anauliza tena. Nguo zetu zote anatufulia, hata zilizo safi, na chupa ya klorini ameishaipata mahali nilipoificha. Mtandio tu ndio hajaugusa. Umekuwa mzito wa manyoya na unanuka, na wageni wakiuliza harufu gani, anawajibu kuwa ni ya paka wa mume wake.

Jana nilipotoka kazini nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mkono wake mmoja umeingia kizimbani hadi kiwiko. Ndani kulisikika mngurumo mdogo, kama ule wa mashine za kule walikotoka.

"Hajatoka?" niliuliza.

"Hajatoka."

"Na wewe umeshindaje?"

Alikitazama kiwiko chake. "Mimi nimefika mpaka hapa," alisema.

Nikavua viatu, nikakaa sakafuni karibu naye. Nilikuwa nimetoka mbali kwa miguu, nina jasho. Hakuniambia nikabadilishe nguo.